Kadi Iliyorudishwa Nyuma

Hebu mwone akilini mwako anavyoingia ofisini: mkoba begani, miwani imepanda utosini, na kabla hajautua huo mkoba anauliza, "Jamani, kipande gani kimeisha?" Ndiyo maana wenzake humwita Shangazi Kipande. Anaandika programu za kompyuta, na kwake programu haisubiri sufuria ijae ndipo watu waonje. Unatengeneza kipande kidogo kinachofanya kazi, unampelekea atakayekitumia, unamsikiliza, unarekebisha, ndipo unashika kingine.

Hakuzaliwa na akili hiyo. Programu ya kwanza waliyoitengenezea zahanati fulani, walijifungia nayo mwaka mzima. Walipoipeleka, mama wa mapokezi aliivumilia siku chache tu, kisha akaitandikia kompyuta kitambaa na kuweka maua juu yake. Sasa daktari mkuu wa zahanati hiyo amewapa nafasi ya mwisho: "Na hii ikifunikwa, basi tena." Shangazi anajua maana yake. Bila kazi hiyo ofisi yao itafungwa, kila mtu ashike njia yake.

Kwa hiyo kila asubuhi wanasimama mbele ya ukuta. Viti marufuku, maana mtu akikaa maneno huota mizizi. Kila mmoja anasema alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomkwamisha. Ukutani kuna kadi, zimepangwa chini ya maneno matatu: Bado, Mkononi, Tayari.

Asubuhi moja Kinyozi, mwenzake aliyekuwa akinyoa watu kabla ya kujifunza kompyuta, alihamishia kadi ya kuandikisha wagonjwa kwenye Tayari, akajipigia makofi.

"Nani ameijaribu?" Shangazi akauliza.

"Mimi! Mpaka kidole kimeota sugu."

"Wewe ndiye mapokezi?"

"Ah, Shangazi nawe! Umeamkia upande gani leo?"

Shangazi akaibandua kadi, akairudisha Mkononi. Bosi akachungulia kutoka chumbani kwake. "Dada, usipeleke kitu nusu, tutaaibika. Ngoja ikamilike yote."

"Bosi wangu, aibu ndogo hubebeka. Ile ya maua mgongo bado unaniuma. Naenda nayo."

Akaenda zahanati.

"Mmerudi?" mama wa mapokezi akamlaki. "Na maua yangu safari hii niyaweke wapi?"

Shangazi akacheka, akavuta kiti nyuma ya mama, akafunga mdomo atazame. Kwa mtu kama yeye, hiyo nayo ni kazi.

Akaingia mzee mwenye mkongojo. Mama akaandika jina lake, akainua uso. "Shikamoo, baba. Za tangu siku ile? Mguu je? Na mama nyumbani, kikohozi kimemwachia?" Alipoteremsha macho, kioo cha kompyuta kilikuwa kimejifunga na jina limefutika. Akaanza upya. Akafuata dada na mtoto mgongoni, akaulizwa habari za huyo mtoto na za ndugu zake; kikajifunga tena.

"Mwanangu," mama akageuka, "mashine yenu haina adabu. Haingoji watu wajuliane hali!"

Walikuwa wameitega ijifunge isipoguswa, ili siri za wagonjwa zisichunguliwe. Lakini kule ofisini Kinyozi aliijaribu peke yake. Angemsalimia nani?

"Nilikwambia," bosi alisema Shangazi aliporudi ofisini.

"Uliniambia, bosi. Na mama naye kaniambia. La mama ndilo la kurekebisha."

Wakakaa nalo. Kioo kikawa kinajifunika tu, jina linabaki. Ukikigusa, unaendelea ulipoishia. Kesho yake Shangazi na Kinyozi wakakipeleka kipande hicho zahanati. Mama akasalimia foleni nzima kwa raha zake, na hakuna jina lililopotea. Maua yakabaki dirishani.

"Hapa sawa," akasema. Kisha akakunja uso. "Ila herufi zenu hizi, wanangu, ni ndogo kama mayai ya chawa."

Sasa wamesimama mbele ya ukuta. Kinyozi ameishika juu kadi ile ile, anamtazama Shangazi. Bosi naye katoka kusikiliza. Ungekuwa wewe, ungeibandika wapi?