Fisi wa Gunia Ameshinda Halloween ya Mtaa

Leo mbuzi wamenitetea mbele ya mtaa mzima!

Tulikuwa na Halloween ya familia hapa kwetu. Kila mtoto avae kitu cha kutisha, mshindi apewe keki.

Jirani yangu Mama Abdi alimvalisha mwanawe kinyago cha dukani, kimetoka Nairobi.

Mimi nilichukua gunia kuukuu, nikalipaka madoa ya makaa. Binti yangu Rukia awe fisi.

"Huyo ni fisi ama gunia la viazi?" Mama Abdi akauliza kwa sauti.

Watu wakacheka mpaka Rukia akaanza kulia. Nikamshika mkono twende nyumbani.

Akakataa! Akapangusa machozi, akainama, akatoa mlio wa fisi vile nyanya yake, mfugaji wa kule Sericho, alimfundisha.

Weee!

Mbuzi waliofungwa nyuma ya viti walikata kamba, wakapita na meza ya soda. Mzee aliyekuwa jaji, mtu amechunga maisha yake yote, akapanda juu ya kiti: "Fisi ameingia wapi?"

Keki ni yetu.

Nimempigia nyanya yake. Hata hajacheka. Ameuliza tu, "Mbuzi wote wamerudi?"

Wamerudi, mama.

Na Mama Abdi, kipande chako kipo. Njoo umwombe fisi.