Salamu niliyoikata nusu: biti yangu ya kwanza, kwenye stoo ya mawese ya mama, Mwanga Kigoma

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Nimepitia nyuzi za watu wanaoonyesha studio zao za nyumbani, nikaona na mimi nitoe yangu. Sijatia chumvi hata chembe. Naandika huku nacheka peke yangu, wife ananiangalia tu.

Nimekulia Mwanga, Kigoma. Mwaka ninaousimulia nilikuwa kidato cha tatu, na ndio mwaka ambao Warundi walikuwa wanaingia kwa wingi kupitia ziwani. Boti zinashusha watu, mabasi yanawapeleka kambini. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu anayemuulizia mtu.

Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye biti.

Mjomba wangu alinipa kompyuta iliyostaafu ofisini kwao. Rafiki akaniwekea software ya muziki kwa flash. Hedifoni ilikuwa inasikika upande mmoja. Nikiwasha feni kelele inaingia kwenye record, nikizima nalowa jasho. Nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote Kigoma nzima.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya mama. Mama alikuwa anauza mawese sokoni, kwa hiyo kuta tatu zilipangwa madumu ya njano mpaka usawa wa kifua.

Sasa sikilizeni siri ya ufundi. Madumu yakijaa, sauti inatulia, inakuwa nzito na safi. Mama akiuza yakapungua, chumba kinaanza kuitika kama darasa tupu. Basi nikawa napanga siku za kurekodi kwa kuangalia mzigo wa mama. Nikikuta wateja wamebeba mengi, nanuna, na yeye anashangaa mtoto gani huyu ananuna biashara ikitoka.

Tatizo ni kwamba hakutaka kabisa ile mashine. Alishaniambia likizo ikiisha irudi kwa mjomba, stoo yote anaihitaji. Na mama ni Muha wa Manyovu, akisema amesema.

Zilibaki wiki mbili.

Nikajipa tumaini moja. Kulikuwa na redio pale mjini yenye kipindi cha vijana Jumamosi mchana, na mtangazaji wake aliniahidi kupiga wimbo wangu nikimpelekea kitu cha maana. Nikawaza, mama akiusikia pale sokoni, mbele ya wenzake, hawezi tena kunitoa stoo.

Siku moja nilikuwa uani na simu, narekodi dada akitwanga sombe, yaani kisamvu. Ule mchi ukigonga kinu ni kick tosha, ule mdundo mzito wa chini, jaribuni mtaniambia.

Mara akaingia mwanamke na furushi kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mdogo wake Mama Spesioza, jirani yetu wa nyumba ya nyuma. Mama Spesioza ni Mrundi aliyeolewa na Muha miaka mingi nyuma. Hawakuwa wameonana kwa muda mrefu sana, na huyu mdogo wake alikuwa anapita tu, basi la kambini linamsubiri.

Mama Spesioza akatoka mbio kwake, wakashikana mikono, wakaanza kuimbiana.

Kwa msiowahi kuona: ni salamu ya kina mama wa Kirundi, wanaiita akazehe. Mmoja anatoa, mwenzake anapokea, haraka haraka, sauti zinapishana bila kugongana. Wanaulizana nyumba, watoto, wazazi, vyote humo humo. Nywele zilinisimama. Na simu ilikuwa bado inarekodi!

Nikakimbilia stoo. Nilipoweka kile kinu chini na sauti ya Mama Spesioza juu, wakuu, niliruka nikajigonga kichwa kwenye dumu. Sauti ya mdogo wake ilikuwa imekauka kwa safari, na kuku walikuwa wanampigia kelele, kwa hiyo nikamfuta. Nikabakiza wa kwetu tu, nikamzungusha na besi nzito. Hata sikuona kosa. Kwenye biti unachukua kinachong'aa, basi.

Alhamisi mchana nikamwita Mama Spesioza asikilize sauti yake. Nilitegemea acheze.

Alisimama mlangoni ameshika kitenge chake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba nirudie. Mara ya pili machozi yakaanza kumtoka, na mimi mjinga nikadhani ni furaha.

Akaniambia taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, umeniacha nje. Naita, naita, hakuna anayenipokea. Kwetu mtu akiitwa hivi akanyamaza, ujue kuna msiba. Mdogo wangu alinijibu. Usipeleke hii redioni."

Wakuu, nilitamani kuingia ndani ya dumu. Yule mama alikuwa ametoka kumpata ndugu yake, halafu mimi nimemfuta. Mdogo wake alishaenda kambini na sauti yake sikuweza kuiokoa, hata kwenye simu nilishaifuta. Nikamwambia naifuta yote. Nilimaanisha, ingawa nilijua nimefuta na stoo.

Kumbe mama yangu alikuwa nyuma yake muda wote, amefuata dumu la mteja. Nikajua leo mashine inatoka kabla hata ya likizo kuisha.

Mama akaniambia nirudishe mwanzo. Akaweka dumu chini.

Sauti ya Mama Spesioza ilipoingia, mama akamshika mikono, akampokea. Hivyo tu. Mama yangu ambaye hata kanisani anaimba kwa kunong'ona! Baadaye ndio alinieleza kwamba udogoni kule Manyovu, mpakani, majirani zao walikuwa Warundi, na alijifunza kwa kusimama katikati ya mama zao wakisalimiana.

Nikarudisha tena mwanzo, nikabonyeza record. Aliimba mara moja, haikuhitaji ya pili. Nikaipanga, nikawapigia.

Mama Spesioza akafuta uso kwa kitenge, akasema, "Haya. Sasa nimefika. Peleka."

Jumamosi nilikuwa sokoni nimejificha nyuma ya wauza dagaa. Mtangazaji akataja jina langu, kinu kikagonga, besi ikafuata, na ile salamu ikapita meza kwa meza. Akina mama wawili nisiowajua waliacha kupima mchele wakaanza kupokea na wao. Nililia wakuu, sioni aibu.

Mama aliendelea kuhudumia wateja mpaka wimbo ukaisha.

Jumapili, likizo ikiwa ukingoni, nikaanza kuhamisha madumu nipate njia ya kutoa mashine, maana sikutaka kumpima. Akanikuta nimeshatoa manne uani.

"Rudisha madumu yangu," akasema. "Bila hayo sauti yangu itapiga mwangwi humo."

Nilikaa na studio ile mpaka namaliza kidato cha nne.

Nilichojifunza: sauti ya mtu ina mwenyewe, na mara nyingi ina mwenzake pia. Kabla hujakata, muulize mwenye nayo alikuwa anaongea na nani.

Haya, nyie ambao mama zenu waliwahi kuwashangaza hivi, na hasa wadau wa Kigoma, shukeni na zenu. Wale wa kusema nimetunga nawasubiri pia, lile dumu nililojigonga lina alama yake kichwani kwangu mpaka leo.