Mita Moja kwenye Kompyuta Kuukuu

Pale dukani kwangu Musoma, juu kidogo ya Mwigobero, nilikuwaga na kompyuta ambayo naamini ilizaliwa kabla yangu. Siku mama yangu mdogo alipotoka Butiama na vipimo vya shamba lake kwenye flashi, nilicheka, nikamwambia kuvichora ni kazi ya kufumba na kufumbua. Masomo ya jioni ya kompyuta yalinipa cheti na mdomo.

Sikucheka muda mrefu. Kesho yake baraza la kata lilikuwa linakaa. Mdogo wa marehemu mumewe alikuwa ameng'oa katani za mpaka, anataka kulima mpaka kwenye kaburi la kaka yake, na mchoro ndio ungesema kaburi liko upande wa nani.

Programu ya kuchora ilitegemea maktaba mpya, yaani fungu la kanuni za kupigia hesabu za desimali, iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa za siku hizi. Kwenye mashine yangu kila pembe ya shamba ilipigiwa hesabu kwa njia ndefu. Ungeweza kwenda Kibara, ukala sato mzima na mifupa yake, ukarudi ukakuta mstari umesogea kama konokono mgonjwa. Nikabadilisha, nikaweka desimali fupi. Mchoro ukatoka hapo hapo: kaburi ndani ya shamba la mama mdogo.

"Chapa," mama mdogo akasema, ameshasimama.

Sikuchapa. Vipimo vile huhesabiwa kutoka mbali sana, mamilioni ya mita, na desimali fupi haibebi tarakimu zote. Za mwisho inazidondosha. Nikamweleza kuwa inaweza kukosea mita nzima, na kaburi halikufika mita kutoka kwenye mstari.

"Na ile ya polepole ikinikatalia?"

Akakaa tena, akafunga khanga upya. "Iache iende, baba. Mwenyewe amelala mle, siwezi kumwekea uongo juu."

Mashine ikanguruma kama ya kusaga mpaka jua likahamia ziwani. Mstari ukapita katikati ya kaburi: kichwa kwake, miguu kwa shemeji yake. Nikaomba radhi kama mimi ndiye niliyechimba.

Aliutazama, kisha akaniagiza nichape michoro miwili, mikubwa. Kesho yake barazani alimpa shemeji yake mmoja, akamwambia mbele ya watu, "Miguu ya kaka yako hiyo hapo kwako. Lima."

Hakulima. Ila tangu siku hiyo hamsalimii, na ng'ombe wake huwapitisha njia ya mbali. Mama mdogo anakujaga dukani, ananiuliza kama kompyuta mpya ingesema vingine. Namwambia hapana, ingesema hivyo hivyo, ila kwa haraka.