Vichupa vya Kupimia Baruti

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuajiriwa kupasha baruti moto, hunitazama vidole kwanza. Vyote ninavyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko kuchambua mchele, maana sehemu kubwa ya siku niliimaliza nikikodolea macho kipande cha karatasi nikingoja kibadilike rangi, na mara nyingi hakikubadilika.

Hii ilikuwa Makambako, wakati wa Mwingereza, miaka ile barabara ya kwenda Njombe ilipokuwa ikipanuliwa. Kambi ya barabara ilikuwa na karakana, stoo na nyumba za mabati, na mwisho kabisa, mbali na watu, kulikuwa na chumba cha matofali tulichokiita maabara. Mkubwa wangu alikuwa Mwingereza mkemia, mtu mkavu ambaye chai yake ilipoa kila siku kwa kusahauliwa. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nina mke na mtoto mmoja, na nilijiona msomi kidogo kuliko nilivyokuwa.

Baruti ya kupasulia mawe ilitoka ng'ambo kwa meli, ikakaa pwani kwenye joto, kisha ikapandishwa kwa lori hadi kwetu kwenye baridi. Ikikaa vibaya huanza kuharibika ndani kwa ndani. Kwa nje ni ileile, ndani inatengeneza asidi, na siku moja inalipuka mikononi mwa mtu ambaye bado hajaiwasha. Ndiyo maana ilipimwa. Tulichukua chembe ya baruti kutoka kila sanduku, tukaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, tukaning'iniza juu yake karatasi yenye dawa, halafu tukakiweka kichupa kwenye maji ya moto. Baruti mbovu ikipata joto hutoa mvuke wa asidi, na karatasi hupata alama ya kahawia. Alama ikija upesi, sanduku zima linateketezwa porini. Ikichelewa, mkemia anapiga muhuri na sanduku linakwenda machimboni.

Vichupa hivyo vilioshwa na mama mmoja mjane, Mbena wa vijiji vya upande wa Ilembula. Kazi hiyo alikuja kuiomba mwenyewe. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa baruti pale machimboni, ndiye aliyejaza matundu kwenye mwamba na kuwasha utambi, na mama alikuwa amesikia kwamba usalama wa mafundi unaamuliwa ndani ya vichupa. Akasema basi vichupa hivyo ataviosha yeye. Mkemia alicheka, akamwajiri.

Sijaona mtu msafi kama yule. Alikuja asubuhi na ukungu, akasalimia "Kamwene" hadi mlangoni kwa mkemia, ambaye alijifunza kuitikia, kisha akakaa uani na beseni lake. Vichupa vilitoka vinang'aa hata nikaona haya kuvishika. Nami, kwa uvivu wangu wa kisomi, sikuwahi kumuuliza anaosha kwa kitu gani. Maji yalikuwepo, maji safi ya mvuke uliopozwa, kwenye chupa kubwa nyuma ya mlango. Mkemia alimwonyesha siku ya kwanza, akadhani ameelewa.

Kwa muda huo wote baruti yetu ilikuwa nzuri ajabu. Sanduku baada ya sanduku, karatasi ilibaki nyeupe. Mkemia aliwasifu wapakiaji wa ng'ambo.

Halafu yule mama akafiwa na dada yake, akaomba ruhusa ya kwenda matangani. Vichupa vikaniangukia mimi. Niliviosha kwa maji ya mvuke, nikaviacha vikauke, na asubuhi mkemia akaniambia nirudie sanduku la jana, ambalo tayari lilikuwa limepigwa muhuri na kuchukuliwa machimboni, ila chembe zake zilibaki kwetu. Alipenda kurudia mambo. Nikaweka kichupa kwenye maji, nikageuka kuchukua saa, na nilipotazama tena, karatasi ilikuwa na alama ya kahawia.

Nilidhani nimeshika karatasi kwa vidole vichafu. Nikarudia, ikawa kahawia tena. Nikachukua kichupa kimoja kati ya vile alivyoviacha mama vimepangwa kwenye rafu, nikaweka baruti ileile, karatasi ya pakiti ileile, maji yaleyale, nikaviweka viwili pamoja. Karatasi ya changu ilipata alama. Ya kile cha mama ilibaki nyeupe kama unga wa sembe.

Nikachukua kichupa kingine chake kikavu, ambacho hakijaguswa na baruti, nikapitisha kidole ndani. Kulikuwa na utelezi kidogo. Nikaweka kidole ulimini, na nikaijua ladha ile mara moja, kwa sababu nimelelewa nayo. Ilikuwa magadi ya kwetu, yale ya kuchoma maganda ya maharage na kuchuja majivu yake, ambayo mama zetu hulainishia mboga na kusugulia vyungu. Hakuna mwanamke wa Njombe asiyejua kwamba yanaondoa uchafu wowote. Yanaondoa na asidi pia. Baruti ilitoa mvuke wake mbaya, magadi yakaumeza, na karatasi haikujua lolote.

Mkemia alivitazama vichupa viwili, akatazama kidole changu. Alichukua kofia na tukaingia kwenye lori. Njia nzima niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Kila lori lilipopanda tuta nilisikiliza kama mlipuko utasikika, na ulipokuwa hausikiki niliogopa zaidi.

Tulimkuta fundi ameketi juu ya sanduku lenyewe, anakula kiazi cha kuchoma. Alikuwa anangoja jua lipande kidogo vidole vipate joto, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa na barafu kwenye majani. Nikamwambia ainuke taratibu. Akacheka.

"Kaka, hili lina muhuri."

"Muhuri si kitu. Inuka."

"Sanduku lililopimwa kwenye vichupa vya mama siliogopi mimi. Wenzangu wote wanajua."

Ilibidi nimweleze. Nilieleza vibaya, kwa Kiswahili na Kibena vikichanganyika, lakini alielewa. Aliinuka, akasogea pembeni, kiazi kikamshinda kumaliza. Baadaye, sanduku lilipokuwa linateketezwa mbali bondeni na moshi wake unaonekana, alinishika mkono.

"Mama asijue," akasema. "Nakuomba. Mwambie mzungu amebadilisha utaratibu, basi."

Nikakubali. Nani angekataa? Mkemia naye alitaka kumwachisha kazi yule mama, nikamtetea, nikasema atafundishika.

Aliporudi kutoka matangani nikamwambia kwamba kuanzia sasa vichupa ni kwa maji ya mvuke tu, hakuna kingine, mzungu ameagiza. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyenawa ncha za vidole.

"Maji matupu hayaoshi kitu, mwanangu."

"Ndivyo alivyoagiza, mama."

"Haya."

"Haya" ya mtu mzima wa Kibena ina maana nyingi. Siku chache niliona vichupa vimetulia kwenye rafu, na karatasi zikageuka pale zilipopaswa kugeuka. Kisha zikaanza tena kubaki nyeupe. Nikatoka uani. Alikuwa ameinamia beseni, na kwenye pindo la kitenge chake kulikuwa na fundo, na fundo limefunguliwa, ndani yake majivu.

Hakujificha kwa ubaya. Aliniambia waziwazi kwamba mzungu hana mtoto kule machimboni, kwa hiyo maji yanamtosha, lakini yeye anaye.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa cha mtu mwingine. Nilijua kwamba nikimnyamazia kama nilivyoahidi, ataleta majivu kesho na keshokutwa, kwa sababu anampenda mwanawe, na kadiri anavyompenda ndivyo atakavyosugua. Nilimkasirikia fundi kwa kunifunga mdomo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamwambia yote: karatasi, magadi, muhuri, na mwanawe ameketi juu ya sanduku anakula kiazi.

Alisikiliza huku mikono imo ndani ya beseni. Nilipomaliza akainua macho.

"Lingemlipukia?"

"Lingeweza, mama."

"Kwa majivu yangu."

Nilitamani mkemia aite, au mvua inyeshe.

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Alisema usiambiwe."

Akatikisa kichwa polepole. Aliinuka, akaenda nyuma ya ukuta akakung'uta pindo la kitenge mpaka hapakubaki kitu, akamwaga beseni, akarudi kuomba chupa ya maji ya mvuke. Siku ile alivitoa vichupa vyote kwenye rafu, hata vile ambavyo havijatumika, akavisuuza upya. Hakusema tena kwamba maji hayaoshi.

Jioni mwanawe alipita kumsalimia, kama alivyofanya kila akitoka machimboni. Aliinama kidogo, akampa mkono kwa heshima. Mama yake akaurudisha wake nyuma, akauficha kwenye kitenge.

"Usinishike, mwanangu," alisema. "Bado sijanawa vizuri."