Picha Thelathini na Moja za Doña Eulalia

Hermine Tashjian hakuwa mtu wa kukaa. Alikata filamu amesimama, alikula amesimama, na hata kanisani kwa Waarmenia pale Glendale, wenzake walipoketi kusikiliza mahubiri, yeye alijigeuzageuza kitini kama aliyekalia siafu. Si kwamba hakuwa na imani. Kilichomchoma ni kwamba padri alikuwa ameshamaliza dakika nne zilizopita na mwenyewe hajui. Hermine aliliona kabisa neno ambalo yeye angeyakatia mahubiri, halafu arukie moja kwa moja kwenye uvumba.

Huo ndio ugonjwa wa kazi ile, na sijamwona aliyepona. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja huko Burbank, juu ya duka la taa, akiunganisha vipande vya filamu kwa kisu kidogo, utepe na penseli ya nta. Mumewe, Vahan, alikuwa fundi viatu na bingwa wa hadithi ndefu, na kila alipoanza kusimulia alimwona mkewe anapepesa macho.

"Usinikate," humwambia.

"Nimekugusa mimi?"

"Umeshanikata. Umetangulia mwisho, unanisubiri huko."

Na kweli alikuwa anamsubiri huko.

Mwaka ule wa sabini na saba alikuwa anakata filamu ya mgomo. Miaka tisa nyuma, wanawake wa kiwanda kimoja cha kutia samaki makoponi, huko San Pedro, waliweka visu chini kwa wiki kumi na moja. Mwongozaji, Lyle Brandvold, mwenye maneno mengi na ndevu za kuhesabika, alitaka waliosahauliwa wakumbukwe. Nia njema, sina neno nayo. Kamera alikuwa nayo moja tu.

Msaidizi wa Hermine aliitwa Odell Pruitt, mtu mzima wa mtaa wa Watts, aliyekuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka kumi na saba. Siku moja alileta kifurushi akamkuta Hermine kazini. Kwenye kioo kidogo cha mashine mwanamume alikuwa anamtazama mkewe akiondoka. Hermine aliondoa mwishoni picha sita, yaani robo ya sekunde, akairudisha filamu mwanzo. Uso ni uleule, lakini sasa mwanamume yule alikuwa ameachwa. Odell alisimama mlangoni na barua za jengo zima begani mpaka simu ikalia kuuliza yuko wapi. Mwaka uliofuata aliacha posta akaja kuomba afundishwe. Mkewe alimnunia wiki mbili.

Hermine hakuwahi kujutia kumchukua, maana hakuna mtu aliyesoma namba kama Odell. Pembeni mwa filamu huchapwa namba ndogo, na ukiijua namba unajua kipande kilitoka mkebe gani, siku gani. Kazi ya Odell mwishoni ilikuwa kuziandika zote kwa mpangilio, zipelekwe maabara. Huko kuna akina mama wenye glavu nyeupe wanaoikata filamu ya asili, ile iliyopita ndani ya kamera yenyewe. Nakala unaweza kuikata na kuibandika mpaka ichoke. Ile ya asili ni maji yakimwagika. Filamu hii ilikuwa na miadi nao Ijumaa.

Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, Odell aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Bosi, huyu Doña Eulalia anaitikia kutoka mkebe gani?"

Hermine alikuwa anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa. "Ishirini na sita. Si anamjibu Haskell?"

"Haskell ndiye ishirini na sita. Huyu mama ni mkebe wa nne."

"Soma vizuri."

"Nimesoma mara tatu. Barua nilisoma miaka kumi na saba, sijawahi kupeleka hata moja nyumba ya jirani."

Kipande chenyewe ndicho kila aliyeiona filamu alikisifu. Bwana Haskell, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, ameketi jikoni kwa Doña, yaani Bi, Eulalia Montaño, mmoja wa wale waliogoma, ambako Lyle aliwakutanisha. Anasema, "Wanawake wenyewe walikubali kurudi." Tunamwona Doña Eulalia, uso mpana, sweta ya kahawia, anaitikia kwa kichwa polepole. Tunarudi kwa Haskell, "Hakuna aliyelazimishwa." Basi. Kichwa kile kikiinama, chumba kizima hushusha pumzi, kwa sababu mgomo wote umevunjika mbele ya macho yao.

Odell aliutoa mkebe wa nne, akaupitisha kwenye mashine pamoja na sauti yake. Jikoni ni kulekule, sweta ileile, lakini ni wiki sita kabla Haskell hajafika. Sauti ya fundi wa vinasa sauti ilisikika ikiuliza, "Mama, tufunge dirisha? Magari yanatuharibia." Doña Eulalia akaitikia kwa kichwa.

Hermine alishika meza. Mchana ule wa Julai alipokikata kipande hiki ulimrudia wote. Haskell alikuwa amesema sentensi yake nusunusu. Katikati alikohoa, akanywa kahawa, akakitazama kikombe, sekunde tano nzima za bure. Hermine alizikata. Uso wa Haskell ukaruka kwenye maungio, ikabidi aufunike kwa kitu, naye akaiba kitu cha kufunikia kutoka mkebe wa nne, picha thelathini na moja, sekunde moja na kidogo. Kila mkataji filamu anaiba hivyo, na hakuna anayefungwa.

Lakini yeye alikuwa amesahau. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Alikuwa ameitazama mara mia mbili, na kufika ya mia hivi akaanza kuiamini. Kwa miezi mitatu alijua kwa yakini kwamba Doña Eulalia alikubali, na ndani ya moyo alimdharau kidogo kwa hilo. Alishawahi hata kumwambia Vahan mezani, "Yule mama hatimaye alikuwa mwoga tu, kama sisi wote."

Lyle alipofika alasiri hakutaka kusikia.

"Hiyo ndiyo roho ya filamu," alisema. "Ukiitoa hiyo, nabaki na mzee anakohoa. Nani atakaa sekunde tano anamwangalia mtu akikohoa? Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha vibaya."

"Wewe hukufanya kwa ubaya."

"Nani amesema ubaya? Nasema si kweli."

"Mama mwenyewe hajalalamika."

"Hajaiona, Lyle. Ataiona Februari, kwenye ukumbi wa parokia yake, pamoja na kila mwanamke aliyegoma naye."

Lyle alijikuna ndevu zake chache akasema Ijumaa ni Ijumaa.

Hermine hakupata usingizi wala utulivu. Jumatano alizunguka ile meza mpaka Odell akamwambia atatoboa sakafu, waangukie kwenye taa za watu. Alhamisi asubuhi alipanda gari akaenda San Pedro bila kumuaga mtu. Alikuwa ameukata uso wa mwanamke yule kwa miezi mitatu na hawakuwahi kuonana.

Aliyajua mapazia ya jiko lile. Alijua ni kigae kipi kimepasuka. Doña Eulalia alimkaribisha kiti, Hermine akasema atasimama tu, Doña Eulalia akasema nyumbani kwake watu hukaa. Akakaa. Akawekewa kahawa na mkate mtamu, na goti lake likawa linapiga meza chini kwa chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekata," Doña Eulalia alisema. "Mimi pia nimekata. Samaki jodari, miaka ishirini na tatu. Nyama nyeupe inakwenda kwa watu, nyeusi kwa paka. Na wewe unajuaje ipi ya watu?"

"Nadhani sikujua," Hermine alisema. Akamweleza yote, dirisha, Haskell, kikohozi, bila kujipunguzia. Akamaliza na kusema, "Nimekuja kukuomba radhi."

Mwenyeji hakupandisha sauti. Alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Huyu bwana alikaa hapo ulipokaa wewe," alisema. "Alisema maneno yale nikiwa nimenyamaza. Mgeni wangu, anakunywa kahawa yangu, ningemwambia nini, ondoka? Lakini mimi sikurudi. Wiki ya tisa watu walianza kurudi, na majina yao siyataji. Mimi niliosha vyombo vya watu hotelini mpaka mgongo ukakataa. Kiwanda kile sikukanyaga tena."

"Sasa najua."

"Wangapi wameniona nikiitikia?"

"Sita. Saba na mimi."

"Na wakaamini?"

"Waliamini."

"Wao sawa, hawanijui." Doña Eulalia alimtazama. "Lakini wewe umekaa na uso wangu miezi mitatu, mwanangu. Hata wewe?"

Hermine alitamani sana kusimama. Alibaki kitini. "Hata mimi," alisema, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Alirudi Burbank mchana uleule, akamkuta Lyle juu ya karatasi za namba.

"Naitoa," alisema.

"Filamu ni yangu."

"Ni yako, hilo sibishi. Basi iache, ila ufute jina langu, na Februari nitachukua kiti niketi pale mlangoni San Pedro. Kila anayeingia nitamwambia kichwa kile kilikuwa kinakubali kufungwa dirisha."

Lyle alicheka. "Wewe? Ukae kitini kwa saa mbili nzima?"

"Ndiyo ujue nimekasirika kiasi gani."

Odell, ambaye tangu afike chumbani mle hakuwahi kuingilia maneno ya wakubwa, aliweka kalamu chini. "Namba ile mimi siiandiki," alisema. "Wa kuiandika atafutwe mwingine."

Lyle aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema wote wawili ni vichaa, akaenda zake. Hawakumwona mpaka Jumatatu. Hermine aliondoa zile picha thelathini na moja, akarudisha sekunde tano za Haskell nzima kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kufunika chochote. Akaitazama. Ilikuwa mbaya. Mzee anakohoa, anakunywa, anatazama kikombe. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia kata, kata hapa, na Odell alimsikia akilalamika peke yake kama mwenye jino bovu. Lakini hakuigusa, na Ijumaa ikaenda maabara.

Februari ukumbi wa chini wa parokia ulijaa. Odell alisimamia mashine nyuma kabisa, Lyle alivaa tai. Doña Eulalia alimvuta Hermine mkono, akamketisha kando yake safu ya tatu. Alikuwa amechangamka, anaita watu kwa majina, mpaka alipoingia mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani, akaenda kukaa pembeni, karibu na ukuta. Doña Eulalia akageuza uso.

"Nani yule?" Hermine aliuliza.

"Ramona. Alimsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo." Akaendelea kutazama mbele. "Miaka tisa hatujasalimiana."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye wiki ya tisa alikuwa wapi."

Taa zikazimwa. Watu walicheka walipojiona vijana, wakalia kidogo walipowaona waliokufa. Hermine hakucheka wala kulia, alikuwa anahesabu. Alijua Haskell yuko dakika ngapi mbele yao. Ukumbi huu ukichoka, alijiambia, basi Lyle alisema kweli na mimi nimeharibu kazi ya mwaka mzima.

Haskell akatokea, mkubwa, ukuta mzima. "Wanawake wenyewe walikubali kurudi," alisema. Akakohoa.

Hakuna uso mwingine uliokuja kumjibu. Haskell alinyanyua kikombe, akanywa, akakitazama. Ukumbi ulinyamaza, na kile kimya kikawa kinamtafuta mtu.

"Mimi nilirudi," sauti ilisema kutoka pembeni.

Ramona alikuwa amesimama, kilemba chake kikikata kivuli chini ya picha. Hakumtazama Haskell. "Mimi ndiye niliyerudi," alisema, "na watoto walikuwa na njaa, lakini nilirudi. Eulalia hakurudi. Nimewaacha watu wamseme miaka yote hii kwamba tulirudi pamoja, nami nikanyamaza. Hakurudi."

"Hakuna aliyelazimishwa," Haskell alisema ukutani, na hakuna aliyemsikia.

Doña Eulalia aliinuka. Alipita mbele ya magoti ya watu wa safu nzima bila kuomba njia, akavuka ukumbi kwenye mwanga wa mashine, uso wa Haskell ukimpita mgongoni. Alifika kule pembeni. Alimshika Ramona kiwiko, akamketisha, akakaa naye. Baada ya muda wote wawili walikuwa wameinama, na mabega yao yanatikisika.

Wanawake walianza kusimama, mmoja hapa, wawili kule, wakavuta viti kuwaendea. Lyle alikuwa amejishika kichwa. Odell alikuja akiinama katikati ya safu mpaka alipomfikia Hermine.

"Bosi, nisimamishe?"

"Iache iende," Hermine alisema. Zilibaki dakika ishirini na mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anaitazama.