Uwanja Usio na Mashabiki

Harufu ya udaga haina adabu, rafiki yangu. Juzi nilikuwa natoka Shinyanga kwenda Geita, nimetulia zangu garini, tulipofika Kagongwa ikaingia dirishani bila hodi. Wanawake walikuwa wameanika mihogo yao ya kuvundikwa kwenye maturubai kando ya barabara, myeusimyeusi, imekauka vizuri. Kabla sijafikiri lolote nikajikuta nimeinua viganja na kuvinusa. Mtu mzima, mwenye kazi yake ya kutengeneza kompyuta za maofisini, ananusa mikono yake mbele za watu. Nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira hiyo nikafika nayo Geita, mtaani kwetu Kalangalala, ikiwa bado ya moto.

Nilikuwa naenda kwenye nyumba ya marehemu bibi. Shangazi alipiga simu kwamba imepata mpangaji, niende nikachukue vilivyo vyangu. Vilivyo vyangu ni kimoja tu, kompyuta. Niliikuta stoo, imefunikwa kiroba, na kuku wa shangazi ametamia juu ya ile skrini ya kichogo kama vile alikabidhiwa ailinde. Nilipoinua macho nikaona, ng'ambo ya uzio wa minyaa, dirisha la jirani. Acha nikusimulie habari za dirisha hilo, na nakuonya mapema kwamba sisimulii kama mtu aliyesamehe.

Utoto wangu ulinuka mihogo. Bibi aliimenya, akairundika na kuifunika mpaka ikaota ukungu, na kazi ya kuukwangua ukungu huo ilikuwa yangu. Nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba na kisu butu, nakwangua, naanika, nageuza, nafukuza mbuzi. Ugali wake mweusi, wa kuvutika, kwa mlenda na dagaa wa kukaanga, mpaka leo sijaona chakula cha kuushinda. Ila mikono sasa! Uioshe kwa sabuni ya mche, uisugue kwa mchanga, harufu inabaki kwenye kucha inakusubiri. Mchana kutwa tulisikia makarasha ya wachimbaji yakisaga mawe kwa mbali. Ikifika saa kumi, tukisharudi shule, ilianza sauti nyingine ya kunguruma, na hiyo ilitoka nyumbani kwa jirani.

Ulikuwa uwanja wa mpira, ndani ya kompyuta. Mume wa jirani alikuwa mtu wa buti na kofia ngumu, anayefuatwa na basi la kampuni asubuhi, na mtoto wao, Junior, alikuwa rika langu. Alinunuliwa kompyuta mpya, skrini nyembamba, Windows mpya, na gemu ya mpira iliyokuwa imetoka mwaka huohuo. Wachezaji walitoka jasho, majani ya uwanja yalitikisika, mashabiki elfu na elfu walisimama na kukaa. Ndani hakuingia mtoto wa mtu. Tulisimama nje, mtaa mzima, tumeshika nondo za dirisha, tukishangilia magoli tusiyoyafunga.

Siku moja jirani alipita nyuma ya kiti cha mwanawe, akasimama, akavuta pua.

"Nani ananuka hivi?" Akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia. "Wewe! Toa hiyo mikono yako ya udaga dirishani kwangu."

Nikaitoa. Asingeongeza neno ningesahau, maana watoto tulizoea kufokewa na kila mtu mzima. Lakini alikwenda ndani, akarudi na kitambaa na dawa ya madoa, akafuta nondo niliyokuwa nimeishika mimi. Akaifuta juu mpaka chini, akarudia. Nondo za wengine hakuzigusa. Wenzangu walitazama kazi ile mpaka ilipokwisha, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Udaga. Hata darasani, mwalimu akiita mahudhurio, kuna aliyejibu kwa nyuma, "Udaga yupo," na mwalimu mwenyewe alicheka.

Nilikuwa darasa la sita. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nilione dirisha lile halina mtu.

Nilimweleza bibi huku nalia. Yeye alikuwa anapepeta karanga, hakusimamisha hata ungo.

"Alikupiga?"

"Hakunipiga."

"Basi na wewe usimpige, ng'wanawane, mwanangu. Mchukulie watu."

Hapo ndipo aliponisimulia ngoma za usichana wake. Baada ya mavuno Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walikutana uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake, wanapiga kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mwamuzi. Watu walikimbia huku na huku wakitafuta palipo na raha, na upande ulioachwa peke yake ndio ulioshindwa, ukafunga ngoma zake ukaondoka umeinamisha vichwa. Bibi alikuwa Mgika. Kwa hiyo kila msimu kwao walitafuta jambo jipya ambalo wenzao hawana, mwaka huu chatu, mwaka ujao kinyago kinachotingisha kichwa. "Huna nguvu za kumzidi," aliniambia, "tafuta asichokuwa nacho."

Nilichokuwa nacho mimi ni kompyuta ya mjomba. Alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja ambayo ilibadilisha mashine zake zote, na hizo chakavu wakagawiwa wafanyakazi wa chini. Ilikuwa na Windows ya zamani, ile ya kilima cha kijani na mawingu meupe, na feni yake ilipiga kelele za kinu. Bibi aliifunika kwa kimojawapo cha vitambaa vya kochi, maana hakuna aliyejua kazi yake.

Kwenye stendi palikuwa na fundi wa simu aliyechoma pia CD za gemu. Nilimpelekea michembe ya bibi, viazi vitamu vya kukaushwa, akanipa CD ya gemu ileile ya Junior. Niliiweka kwenye mashine, nayo ikaniambia waziwazi kwamba Windows hii ni ya zamani, gemu haiwekeki. Nilijaribu mara saba. Fundi alicheka sana. "Hiyo mashine ni ya kuandikia barua, dada." Lakini michembe ilikuwa mitamu, akaona aibu, akanieleza. Kinachokukatalia, alisema, ni mlinzi wa getini tu, ile programu ya kuweka gemu. Gemu yenyewe huenda haina shida na wewe. Tafuta iliyokwisha kuwekwa kwenye kompyuta nyingine, nakili folda yote kama ilivyo, uiingize kwa mlango wa nyuma.

Kompyuta nyingine yenye gemu hiyo, mtaani kwetu, ilikuwa moja tu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Siku ya mnada, jirani alipokwenda kununua kitoweo, nilikwenda kwenye lile dirisha na flashi ya kuazima ya fundi. Sikushika nondo. Nilimweleza Junior nataka nini, nikingoja anicheke. Hakunicheka. Alisema, "Mama akijua ataniua," kisha akanyoosha mkono katikati ya nondo. Flashi ilikuwa ndogo, folda kubwa, kwa hiyo alinipa vipande vinne, kwa siku nne tofauti, kila mara akichungulia mlangoni. Mara ya mwisho aliniuliza, "Ikiwaka utaniita?" Nikamwambia nitamwita.

Ikawaka, rafiki yangu! Jina la gemu lilipotokea kwenye kichogo nilipiga kelele mpaka bibi akaja na mwiko. Ila ilitembea kama mgonjwa. Mchezaji aliinua mguu sasa, mpira ukaondoka baadaye, mwamuzi akapuliza filimbi wakati watu wamekwisha kusahau kosa. Fundi akanionyesha faili la mipangilio, la kufungua kama barua na kubadili namba kwa mkono. Nikaanza kuvua kimoja kimoja. Nilitoa vivuli, ikasogea kidogo. Nilitoa mvua, nikatoa majani, uwanja ukawa kama zulia la plastiki. Nilizima sauti ya mtangazaji. Bado. Kilichobaki kizito ni mashabiki. Nilipowafuta, mpira ukakimbia.

Picha yenyewe ilitia huruma, nisikufiche. Wachezaji wenye sura za magogo, kwenye uwanja mtupu, kimya, viti vyote wazi. Nilijua nikimwonyesha mtu hivyohivyo nimejimaliza, watasema hata mpira wa Udaga hauna watu. Ndipo nikakumbuka asichokuwa nacho jirani. Kwake unaangalia. Kwangu utaingia ndani na utashika.

Nilimwita mtoto mmoja, kesho yake wakaja wanne, wiki haikwisha chumba cha bibi kilikuwa hakipitiki. Wawili walicheza, wengine wote wakawa mashabiki. Mmoja alitangaza mpira kwa Kisukuma, mwingine akamtafsiri kwa sauti ya redio, waliokaa kitandani walikuwa upande mmoja na waliokaa sakafuni upande wa pili. Mashine ikichemka tulifungua ubavu wake na bibi akaipepea kwa ungo, hadi chembe za makapi zikaruka. Goli likiingia yeye ndiye aliyepiga vigelegele, hajui nani kafunga. Nilitoka nje kidogo, nikatazama ng'ambo ya minyaa. Dirishani kwa jirani hapakuwa na mtu. Sauti ya mashabiki wake elfu na elfu ilisikika inangurumia nondo tupu, na nakuambia ukweli, sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Ningeishia hapo ningekuwa bingwa. Lakini sikuwa nimeshiba.

Junior hakungoja kuitwa, kwa sababu sikuwa nimemwita. Jumamosi moja alikuja mwenyewe, amevaa fulana safi, anatabasamu. Nyuma yake, kwenye geti lao, mama yake alisimama anatazama. Nikamwona yeye, simwoni tena mtoto. Nikaenda jikoni, nikachukua beseni la kuoshea mihogo, nikalitia maji, nikamwekea Junior mlangoni mbele ya wote.

"Nawa kwanza," nikasema, kwa sauti ya kuvuka uzio. "Usituchafulie kibodi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Junior alinitazama. Neno moja tu lingenitosha, angesema gemu hii nimempa mimi, kwa mkono huu, mara nne. Hakulisema. Alichuchumaa, akanawa taratibu, kiganja na vidole, kama mtu aliyeagizwa na daktari. Akajifuta kwenye kaptura, akatazama skrini kwa mbali, akageuka akaenda kwao. Mama yake alimpokea getini na kumfungia ndani bila kutuangalia.

Bibi aliweka ungo chini. "Watu ulikwisha kuwachukua," alisema. "Huyu alikuwa wa nini?" Siku hiyo hakuipepea tena mashine.

Na jina likahama. Mimi sikuitwa tena Udaga, yeye akaitwa Nawa Kwanza, shuleni na mtaani, mpaka alipopelekwa bweni. Mashine yangu ilikufa mvua za kwanza, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na mashabiki wangu wakatawanyika. Hakuna hata mmoja niliyemwambia folda ile ilitoka wapi. Wewe ndiye wa kwanza.

Basi juzi, nikiwa nimeshika kompyuta ya vumbi na mayai, niliamua nivuke kwenda kwa jirani. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Kagongwa, makali, ya kumrudishia kitambaa chake. Nje ya uzio watoto watano walikaa kwenye matofali, kila mmoja ameinamia simu yake, kila mmoja na mpira wake na mashabiki wake, hakuna anayepiga kelele. Dirisha lenyewe limewekwa aluminiamu. Zile nondo hazipo.

Jirani alikuwa kibarazani, amekonda, amenyoosha miguu mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si mjukuu wa bibi hapa? Jamani, umekuwa mtu mkubwa! Karibu, usisimame."

Nilimwuliza kama anakumbuka mikono ya udaga. Uso wake ukang'aa. "Bibi yako alikuwa na udaga! Siku hizi mimi ndio chakula changu, hivyo vingine havinikai tumboni. Utakula, huondoki hivihivi." Nilimchunguza machoni, natafuta hata chembe ya aibu. Hapakuwa na kitu. Wanasema mtenda husahau, mtendwa hasahau, ila hawasemi mtendwa afanye nini mtenda akishasahau kweli.

Ugali ukaja, mweusi, unafuka moshi. Akavuta beseni, akainua jagi. "Nawa, mwanangu." Nikanyoosha mikono, akanimiminia. Nikamwuliza habari za Junior.

"Yuko Dodoma, ofisini. Ana usafi yule mtoto!" Akacheka kwa fahari. "Akija hapa hagusi kompyuta wala simu ya mtu mpaka anawe kwanza. Anaacha watu mlangoni, anakwenda kunawa. Hata kazini wanamtania. Sijui alijifunzia wapi, maana mimi sikumfundisha."

Maji yaliendelea kumiminika. Mikono yangu ilikuwa imetakata, lakini sikuweza kuitoa kwenye beseni.