Dhahabu Iliyoumuka Mbele ya Wakwe

Kabla ya siku ile nilikuwa nasema wazi, tena kwa sauti, kwamba hakuna kitu cha kunishangaza mimi, maana nilianza na gunia moja la dagaa wa Ikola kichwani na elimu ya darasa la tatu, nikaishia na duka Mpanda mjini na pikipiki mbili, sasa nishangazwe na nini tena? Nikashangazwa na kopo. Aibu yenyewe nawasimulia nyie tu, kwa sababu mwanangu Sospeter ameshawasimulia wengine vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya tisini watu wamechanganyikiwa na dhahabu. Mtu mmoja akashuka kutoka milima ya Mwese na kopo la maziwa ya unga limejaa vipande vyembamba kama magamba ya samaki, vinang'aa manjano, nikambadilishia na redio yangu iliyokuwa inakoroma (nilijiona mjanja kweli). Kopo lilikuwa jepesi. Nikajiambia dhahabu ya mlimani bado changa.

Wiki ile ile tukaenda kwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, kumposea Sospeter binti yake Kabula, na hao vijana walikuwa wanapendana mpaka mbuzi wa pale walijua. Mzee akataka ng'ombe kumi. Nilikuwa nao zizini, ningesema ndiyo tukala wali tukarudi. Mimi nikatoa kopo.

"Mkwe, pokea hii, ng'ombe tufanye watano."

Mzee akachungulia. "Hiki sikijui. Ng'ombe namjua, hata akiumwa naona."

"Dhahabu haiogopi moto," nikasema. "Leteni jiko."

Sospeter akanivuta koti. "Baba, tumalize na ng'ombe tu." Nikampiga kiwiko, nikamwaga nusu kopo kwenye kikaango juu ya makaa yaliyokolea, na majirani wote wameshasogea.

Kwanza ikalia, chrrr. Halafu, jamani, kila kipande kikaanza kujinyoosha kama funza aliyeamshwa, vinapinda, vinarefuka, vinarukaruka, kikaango kikajaa, kikafurika, rundo likawa mara kumi na bado linapanda, na mimi kwa akili yangu ya biashara nasema, "Mnaona inaongezeka, mnaona." Upepo ukapita. Dhahabu yangu ikapeperuka kama makapi ya mpunga, ikatua kwenye sinia la wali na kwenye ndevu za Mzee.

"Mkwe," akasema Mzee taratibu, "dhahabu yako inaumuka kuliko maandazi ya mke wangu."

Mdogo wake, Mwalimu Ngasa, akaokota kipande. "Hili ni jiwe lenye maji ndani."

"Maji gani? Lilikuwa kavu kama mfupa."

"Yamefungwa katikati. Fikiria chapati nyembamba mia zimepangwa, kati ya kila mbili kuna unyevu. Moto mkali unaugeuza mvuke ghafla, mvuke unatafuta njia, unazisukuma zinaachana. Mpangilio ukishavurugika hivyo, hata ulikandamize halirudi."

Nikalikandamiza. (Kwa viganja viwili, mbele ya wakwe.) Halikurudi. Wanawake jikoni walicheka mpaka wakakaa chini, ila Mzee hakucheka.

"Umekuja kumchukua mwanangu kwa jiwe linalotoa jasho," akasema, akasimama aondoke.

Sospeter akaniangalia, na nikajua binti akipotea pale, mwanangu naye amenipotea. Nikapiga goti, mimi mwenye pikipiki mbili. "Mkwe, kumi wote. Leo hii."

Mzee akapangusa ndevu muda mrefu, kanipa mgongo, kisha nikaona mabega yanatikisika.

"Kumi ni wa binti," akasema akipambana na kicheko. "Wa kumi na moja ni wa wali wangu."

Tangu hapo kila king'aacho nakipeleka kwanza kwa Mwalimu Ngasa, tena kikiwa baridi, na moto nimewaachia wapishi. Huyo wa kumi na moja sikuwa naye, nilimnunua mnadani: shilingi elfu sitini na nane na mia tano, na hiyo mia tano ni ya kamba.